Imefutika au Nimefuta?

Jumapili moja jioni nilipoteza picha 186 za stakabadhi ambazo hazikuwa zangu. Hakuna mwizi aliyeingia, laptopu haikuanguka, stima haikupotea. Niliandika programu ya mistari tisa, nikaiambia ifanye kazi, nayo ikafanya. Ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi na haikulalamika hata kidogo. Nikadhani nimefaulu.

Tangu siku hiyo kuna swali ambalo halijaniacha. Mtu akiharibu kitu cha mwenzake bila kujua, kupitia mashine iliyotii tu ilichoambiwa, hatia ni ya nani? Na akishajua, anadaiwa nini? Nimesikia watu wakijibu haraka haraka. Wapo wanaosema, "Makosa ndiyo shule, usijali." Wapo wanaosema, "Hukufaa kugusa." Majibu yote mawili yananiacha pale pale, maana la kwanza linamsahau mwenye mali na la pili linasahau kwamba hakuna anayejifunza bila kugusa.

Hebu nieleze kwanza kilichotokea. Ni mambo madogo ya kiufundi, lakini swali lenyewe limejificha humo.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama huko Nakuru. Si chama cha kununua ploti. Ni cha matanga. Mwanachama akifiwa, wenzake wanachanga, wananunua mchele na maharagwe, wanakodi hema na viti, wanalipia gari la kubeba mwili. Kila kinacholipiwa kina stakabadhi, na kila stakabadhi shangazi anaipiga picha kwa simu. Kitambo alikuwa akiziweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, mpaka paa likavuja na wino ukatoka. Tangu hapo akaamua simu ni salama zaidi.

Akishapiga picha, anaipa jina. Hapo ndipo kazi yake yote ilipo. Picha moja iliitwa "matanga mume wa mama wa posho hema". Nyingine, "matanga mtoto wa katibu sukari". Stakabadhi yenyewe haisemi hayo. Mwenye duka la jumla anaandika sukari kilo 10, anaandika bei, anapiga muhuri. Haandiki kwamba sukari hiyo ilitiwa kwenye chai ya kumlilia nani. Hilo liliandikwa na shangazi peke yake, kwenye jina la faili.

Simu ikajaa, akaniita. Wakati huo nilikuwa wiki ya sita ya kujifunza Python, jioni baada ya kazi. Nilikuwa nimeandika programu ya kubahatisha namba na nyingine ya kuhesabu riba, na nilikuwa na hamu ya kufanya kitu cha kweli, kitu cha mtu. Tukahamisha picha zote kwenye laptopu yangu, laptopu ya mtumba yenye diski ya zamani ya kuzunguka na Ubuntu ndani yake.

"Simu nishaisafisha," shangazi akaniambia. "Wewe zipange tu vizuri, kila matanga na yake, ndio mwisho wa mwaka niwaonyeshe wenzangu. Si ni wewe umesoma?"

"Hiyo ni kazi ya dakika tano, shangazi."

Kweli ilikuwa kazi ya chini ya dakika tano. Kwa mkono ingenichukua jioni nzima. Niliamua kuanza kwa kutenganisha stakabadhi na picha za wajukuu na za kanisani. Programu ingesoma majina, na kila faili yenye neno "matanga" ingepelekwa kwenye folda inayoitwa Matanga. Baadaye ningeigawa folda hiyo, kila msiba na folda yake.

Folda ya Matanga nilikuwa nimeiunda mwenyewe kwa mkono, kwenye uso wa skrini pale ninapoweka kila kitu. Nilikuwa naiona. Lakini programu niliianzisha kutoka kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na dirisha lenyewe lilikuwa limesimama mahali pengine, kwenye folda yangu ya nyumbani. Faili za kuhamishwa nilikuwa nimeziandikia njia kamili, kuanzia mwanzo wa diski. Mahali pa kuzipeleka niliandika neno moja tu, Matanga. Mimi nilimaanisha ile ninayoiona. Programu ikaelewa iliyo pale iliposimama, na pale iliposimama hapakuwa na folda ya jina hilo.

Mtu angekuuliza, "Matanga gani?" Amri ya kuhamisha faili haiulizi. Ukiipa jina la folda iliyopo, inaiingiza faili ndani ya folda hiyo. Folda isipokuwepo, inachukulia kwamba unataka faili yenyewe iitwe hivyo. Basi picha ya kwanza ikavuliwa jina lake, ikaitwa Matanga. Ya pili nayo ikaitwa Matanga, ikakalia nafasi ya ile ya kwanza. Ya tatu ikamkalia wa pili. Ikawa hivyo mpaka ya 187. Mwishowe kulikuwa na faili moja tu inayoitwa Matanga, na nilipoifungua nikakuta stakabadhi ya viti 100 vya plastiki.

Skrini haikuonyesha kosa lolote kwa sababu kwa upande wa mashine hapakuwa na kosa. Kubadilisha jina la faili ni halali. Faili moja kuchukua mahali pa nyingine yenye jina lilelile ni halali pia. Hata kwenye pipa la taka hazikupita, maana pipa la taka ni adabu iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayebofya kwa kipanya. Amri inayotoka ndani ya programu hailijui pipa hilo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu shule ya msingi bila kuitilia maanani sehemu ya mwisho. Kupotea bila habari. Hakuna kelele, hakuna kioo kilichovunjika. Unageuka na kitu hakipo.

Nataka kukiri jambo moja. Nilipoelewa kilichotokea, kitu cha kwanza kuingia akilini hakikuwa majuto. Kilikuwa sentensi. "Shangazi, laptopu imeharibika, picha zimefutika." Ilikuja ikiwa imekamilika, tayari kutamkwa, kana kwamba ilikuwa imewekwa mahali ikinisubiri.

Na kweli ilikuwa imewekwa. Sisi sote tumeisikia. Unaenda ofisini, unapanga foleni saa tatu, unafika dirishani unaambiwa sistimu iko chini. Unarudi wiki ijayo, unaambiwa faili haionekani. Unarudi tena, faili imepotea. Tumezoea mpaka hatusikii tena jinsi maneno yenyewe yalivyopangwa. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha mnyambuliko wa vitenzi: futa, futwa, futika. Kwenye futa kuna mtendaji. Kwenye futwa mtendaji amejificha, lakini bado unaweza kuuliza, "Imefutwa na nani?" na swali likawa sahihi. Kwenye futika huwezi. Ukiuliza "imefutika na nani" hata masikio yako yatakukatalia. Kauli ya kutendeka inakieleza kitu kama kilijifanyia chenyewe, kama nguo inavyochakaa au maji yanavyomwagika.

Silaumu lugha. Kuna vitu vinavyoharibika kweli bila mkono wa mtu, na lazima tuwe na namna ya kuvisema. Paa lilipovuja, stakabadhi zilifutika, na hiyo ni kweli tupu. Lakini zile za laptopu hazikufutika. Nilizifuta. Umbali kati ya maneno hayo mawili ni silabi chache, na ndani ya umbali huo kulikuwa na jina la shangazi.

Maana fikiria nini kingefuata. Mwisho wa mwaka mweka hazina anasimama mbele ya wanawake 23 waliochanga pesa za kuuza mboga na kufua nguo za watu. Wanauliza hema liligharimu ngapi. Anawaambia picha zimefutika. Wote tunajua neno linalofuata kwenye vyama vyetu. Halitasemwa pale kwenye kikao. Litasemwa njiani, wawili wawili, wakienda nyumbani: "Amekula." Uongo wangu mdogo ungeniokoa mimi na kumfanya yeye mwizi. Ndipo nikaona kwamba swali la nani amefuta halikuwa jambo langu na dhamiri yangu tu. Lawama isipochukuliwa na mwenyewe haipotei, inamtafuta mtu mwingine wa kumkalia.

Sasa turudi kwenye hatia yenyewe. Nilikuwa sijui. Je, kutojua si kinga?

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maadili yake, alilishughulikia swali hili kwa makini kuliko wengi waliomfuata. Anakubali kwamba anayetenda kwa sababu ya kutojua hakutenda kwa hiari yake, lakini anaongeza sharti: awe na uchungu na alichofanya. Asiyejuta hawezi kudai kwamba alitenda kinyume cha hiari yake. Na mbele kidogo anasema watu huadhibiwa hata kwa kutojua kwenyewe, ikiwa jambo lenyewe walikuwa na uwezo wa kulijua na ni uzembe tu uliowazuia. Anatoa mfano wa mlevi, ambaye adhabu yake ilifanywa mara mbili, kwa kuwa chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mkononi mwake.

Nikijipima kwa kipimo hicho, hali yangu si nzuri. Ni kweli sikujua tabia ya amri ile. Hakuna mwanafunzi wa wiki ya sita anayejua kila kitu. Lakini kulikuwa na mambo mawili niliyoyajua vizuri sana. Nilijua kwamba mimi ni mwanafunzi. Na nilijua kwamba zile picha haziko mahali pengine popote duniani, kwa sababu shangazi aliniambia kwa kinywa chake kwamba simu ameisafisha. Kutengeneza nakala ya folda nzima kungechukua dakika moja. Kuiambia programu iandike kwanza kwenye skrini itakachofanya, bila kukifanya, kungehitaji kubadilisha mstari mmoja. Ningeona jina la kila faili na mahali inapoelekea, na ningeshtuka mapema. Sikufanya lolote kati ya hayo. Sababu ilikuwa haraka, na nyuma ya haraka kulikuwa na kiburi kidogo cha kutaka kuona kitu changu kikifanya kazi.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo siamini kwamba kosa la mwanafunzi ni kutojua. Angekuwa anajua asingekuwa mwanafunzi. Kosa lake ni kujifunzia kwenye kitu cha mtu mwingine bila kuacha njia ya kurudi.

Angalia gari la mafunzo barabarani. Sheria haimkatazi asiyejua kuendesha asitoke na gari. Asipotoka hatajua kamwe. Inamtaka afanye mambo mawili. Abandike ile herufi L nyekundu mbele na nyuma ili wengine wajue, na awe na mwalimu pembeni. Magari mengi ya shule hizo yana breki ya pili upande wa mwalimu. Nakala ni breki ya pili. Na kumwambia shangazi, "Bado najifunza, hii naweza kuiharibu, tuweke nyingine kwanza," ndiyo ile L. Mimi nilitoka barabarani nimeing'oa L na sina mtu pembeni, nikiwa nimembeba abiria anayeniamini.

Kiswahili kina neno zuri kwa kile nilichokuwa nimepewa: amana. Si zawadi, na si mkopo. Ukipewa zawadi ni yako, fanya upendavyo. Ukikopeshwa jembe unaruhusiwa kulima nalo. Lakini ukipewa amana unatunza tu, na hata ukiombwa uipange, unaipanga kwa niaba ya mwenyewe, si kwa raha yako ya kujaribu. Mimi niliichukua amana nikaifanya uwanja wa mazoezi.

Najua kuna watakaosema lawama igawanywe. Shangazi angeacha picha kwenye simu mpaka kazi iishe. Waliotengeneza lugha ile wangeifanya amri iulize kabla ya kufuta. Yote mawili yana ukweli. Chombo kinachotii bila kuuliza kinawapa wajinga nguvu nyingi, ingawa chombo kinachouliza kila mara hutufundisha kubonyeza "ndiyo" bila kusoma. Lakini lawama si kama deni la chama, kwamba mwenzako akilipa sehemu yake, yako inapungua. Hata kama wengine watatu walikosea, sehemu yangu ilibaki nzima kama ilivyokuwa.

Wakati nikiwaza haya nilijikuta nikifikiria faili nyingine, kubwa kuliko zangu, ambazo nchi hii ilizipoteza kabla sijazaliwa. Waingereza walipokuwa wanajiandaa kuondoka, mwaka 1961 waziri wao wa makoloni, Iain Macleod, alitoa mwongozo kwamba karatasi ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza zisiachiwe serikali mpya. Faili zikapangwa. Zikagawanywa, za kuachwa huku na za kutoachwa kule. Nyingine zilichomwa moto, na maagizo yalieleza hata kwamba majivu yavunjwevunjwe. Nyingine zilipelekwa Uingereza kabla ya Desemba 1963. Kenya ilipoziomba haikupewa. Zilikaa kimya mpaka wazee watano walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London mwaka 2009. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali hiyo ikakubali kwamba inazo, zimehifadhiwa Hanslope Park, karibu faili 1,500 za Kenya. Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alieleza masikitiko bungeni na kutangaza makubaliano ya pauni milioni 19.9 kuhusu madai ya watu 5,228.

Sijilinganishi na watu hao. Wao walijua walichokuwa wakifanya, walikikusudia na walikiandikia maagizo. Mimi nilikuwa na nia njema na dirisha jeusi. Lakini historia hiyo ilinifundisha faili ni nini. Wale wazee hawakuhitaji karatasi ili wajue kwamba walipigwa. Miili yao ilikuwa inajua. Walizihitaji ili waaminiwe. Faili ni kitu kinachomwezesha mtu asiye na cheo kusema jambo na likasimama. Ndiyo maana anayezihamisha, hata kwa nia ya kupanga tu, ana madaraka juu ya watu walioandikwa ndani yake, na ndiyo maana uhamisho unaofanywa bila habari ni jambo zito. Stakabadhi ya sukari kilo 10 ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo, kwa kipimo cha mtaa. Ilikuwa inamfanya shangazi aaminiwe.

Nilimpigia simu usiku huohuo. Nilijilazimisha kuanza na kiambishi cha nafsi ya kwanza.

"Shangazi, nimefuta picha za stakabadhi. Si laptopu. Ni mimi nimekosea kwa ile programu."

Akanyamaza kidogo. "Zote?"

"Imebaki moja. Ya viti."

Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Afadhali umesema. Ungenyamaza, mimi ndiye ningeitwa mwizi." Hakuniambia usijali. Namshukuru kwa hilo. Akaniuliza, "Sasa utafanya nini?"

Rafiki mmoja mwenye uzoefu aliniambia niizime laptopu mara moja na nisiandike chochote kwenye diski yake. Kutoka kwake nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Folda si sanduku. Tunaichora kama mfuko wa karatasi, lakini kwa kweli folda ni daftari, orodha ya majina, na kila jina linaonyesha mahali kitu chenyewe kilipo kwenye diski. Ukifuta faili, mara nyingi unafuta jina kwenye orodha. Kitu chenyewe kinabaki pale pale, bila jina, bila mtu wa kukiita, mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Hapo ndipo kinaisha.

Nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka John Mbiti na kile alichoandika mwaka 1969 kuhusu wafu-hai: kwamba aliyekufa bado yupo pamoja nasi maadamu kuna anayemkumbuka kwa jina, na wa mwisho anayemkumbuka akiondoka, naye huzama kwenye Zamani isiyo na majina. Sisemi diski ina mizimu. Nasema tu kwamba stakabadhi zile zilikuwa za matanga, na majina yaliyofutika, samahani, niliyoyafuta, yalikuwa majina ya waliokufa na ya waliowalilia.

Tukatumia programu ya bure inayopekua diski kipande kwa kipande ikitafuta kitu chochote chenye umbo la picha. Ilichukua usiku mzima. Zilirudi 158, ukihesabu na ile ya viti. Nyingine 29 hazikurudi. Na zilizorudi zilikuja na herufi moja na namba ndefu mahali pa majina. Sukari kilo 10. Hema moja. Gari, safari moja. Za nani? Mashine iliweza kurudisha karatasi. Majina haikuwa nayo.

Jumamosi iliyofuata nilienda na laptopu kwenye kikao cha chama. Shangazi alinitaka niseme mwenyewe, nikasema. Mama mmoja akaguna, mwingine akauliza kama mimi ndiye yule aliyekuwa anajisifu anasomea kompyuta. Nikakubali kuwa ndiye. Kisha tukaanza. Nilifungua picha moja moja, nikasoma tarehe ambayo kamera ya simu huiandika ndani ya picha yenyewe, na wao wakakumbuka.

"Agosti? Hiyo ni ya baba yake katibu."

"La, baba yake katibu alikuwa Septemba, shule zilikuwa zimefunguliwa."

"Hema hilo nalijua," akasema mama wa posho, yule mwenye kinu cha kusaga unga. "Ni la mume wangu. Lilivuja tukanyeshewa wote, na bado mkalilipa." Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akafuta macho kwa leso.

Tulikaa saa nne. Picha 141 zilipata majina. Zilizobaki 17 walibishana mpaka wakachoka, na katibu akaamua ziwekwe kwenye folda yao iitwe Hatujui. Nilipenda jina hilo. Ni folda ya kweli kuliko nyingi nilizowahi kuunda. Zile 29 ambazo hazikurudi ziliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, idadi yake na sababu yake, na sababu yenyewe ina jina langu. Shangazi alibaki mweka hazina.

Sijui kama nimesamehewa na wote, na sidhani ni haki yangu kuuliza. Ninachojua ni kwamba sehemu ya kiufundi ya kurekebisha ilikuwa usiku mmoja, na sehemu iliyobaki ilihitaji watu 23, chai, na mtu aliyekubali kusimama mbele yao aseme "nimefuta". Bila hilo neno kikao kisingekuwepo, na bila kikao picha zingebaki namba.

Bado najifunza Python. Ile programu ya mistari tisa ninayo, sikuifuta. Niliyoandika baadaye ina mistari mingi zaidi na kazi yake ni ileile. Inatengeneza nakala kwanza. Inaangalia kama folda ipo, na isipokuwepo inaiunda. Ikikuta jina limeshachukuliwa, inasimama na kuniambia. Inaorodhesha itakachofanya na kusubiri nisome. Na ikimaliza inaandika kwenye faili ndogo ya maandishi kila ilichohamisha, kutoka wapi kwenda wapi, tarehe ngapi, na mwanzoni mwa kila mstari inaweka jina la aliyeianzisha.

Shangazi naye amenunua daftari la kurasa 200 lenye jalada gumu. Bado anapiga picha, lakini jina analiandika mara mbili, kwenye simu na kwenye daftari. Nikimtembelea nikiwa na laptopu begani, kabla hata sijakaa ananiuliza, "Nakala iko?"